Kichwa cha Sungura

Nianze na kichwa, maana kichwa ndicho kilichotaka kunivunjia nyumba.

Kwetu vilimani, upande wa Mitole, mtu akikuletea nyama ya porini hakuletei vipande. Anakuletea mnyama mzima, ngozi juu yake na kichwa chake shingoni, na pale kooni kisu kilipopita unapaona. Unapapasa kwa kidole, unasema alhamdulillahi, ndipo unapokea. Nyama isiyo na kichwa haina ushahidi. Yawezekana imechinjwa, yawezekana ni kibudu, mnyama aliyekutwa ameshajifia mtegoni, na sisi Waislamu kibudu hatuli. Majirani zetu Wakatoliki walikula walichokikuta, na nguruwe pori juu yake, wala hatukugombana nao. Kila mtu na chungu chake.

Haya niliyajua tangu utotoni, mimi binti wa mtegaji. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka kwamba nilikishika kichwa cha sungura kwa mkono wangu nikakirusha nje ya ukuta, najionea haya. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe nilikuwa siwezi kuisema.

Nilikuwa nimeolewa Kivinje, enzi hizo za Mwingereza, askari wa boma wakipita barabarani na tarbushi zao nyekundu. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Mtu mpole, na kwa mama yake mpole kupita kiasi. Tuliishi naye huyo mama, kwenye nyumba ya mawe yenye ua nyuma. Alikuwa mjane, na alisomesha wasichana Kurani. Kila asubuhi ukumbi wake ulijaa watoto na juzuu zao, na sauti yake ilisikika mpaka mtaa wa pili. Jembe hajalishika maisha yake. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani mwake alinitazama miguu kabla ya uso.

"Watu wa bara mna nyayo," akasema.

Nyie! Nilimeza mate nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu.

Kitoweo chake kilikuwa samaki, siku nyingine kuku, na mbuzi wakati wa sikukuu. Vya porini alivitajia puani. "Sungura? Yule mwenye kucha za paka? Huko kwenu hamchagui." Na si yeye peke yake. Watu wa mjini wengi walimla paa bila wasiwasi, lakini akitajwa sungura kila mmoja ana lake. Huyu atakwambia ni makuruhu, yule atakwambia jike lake huingia mwezini kama mwanamke. Mimi nilisikiliza nikiwaza mchuzi wa mama yangu, wa sungura na nazi, nikatamani kulia.

Mwaka huo mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka. Mama mkwe hakunilaumu mbele yangu. Ila nilimsikia uani akimwambia shoga yake, mwanamke wa nyumba ya jirani, kwamba tumbo langu halishiki. Neno hilo lilinichoma, na halikutoka. Kwa hiyo iliposhika ya pili nilifunga mdomo. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia yeyote. Kwetu mimba changa haitangazwi, na mimi niliapa kwamba hii haitatoka kinywani mwangu mpaka ijitangaze yenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku baba alipokuja na sungura.

Ilikuwa Jumatatu, alasiri. Alikuwa ametoka Mitole alfajiri pamoja na watu walioleta ufuta mjini, na mama mkwe alikuwa msibani. Baba hakutaka kuingia ndani, maana kwetu mwanamume hakai kaikai kwa wakwe wa binti yake. Alisimama mlango wa uani akanipa furushi la majani.

"Nimekutegea kitoweo, mwanangu. Nimemchinja alfajiri na matumbo nimeshatoa. Mpike leo leo."

Nikamwitikia, nikampa maji, akanywa akaenda zake. Nikafungua furushi.

Alikuwa sungura mkubwa, amenona. Kooni kisu kimepita vizuri. Lakini macho yalikuwa wazi, na chini yake ule mdomo uliopasuka katikati ukinielekea. Kwetu mwanamke mwenye mimba hatazamani na sungura. Wanasema, na hata pwani wapo wanaosema, mtoto anauchukua ule mdomo, anazaliwa nao. Mwambie mtu mwingine kwamba hayo ni maneno tu. Mimi nilikuwa nimeshapoteza mmoja, sikuwa na ubavu wa kujaribu. Nikajifunika uso kwa kanga, nikapapasa, nikakata chini kabisa, shingo pamoja na lile jeraha la kisu na kila kitu. Nikavifunga kwenye jani la mgomba nikarusha nje ya ukuta. Kabla sijanawa mikono nikasikia paka wanakigombania.

Nikapika. Nazi mbili, bizari, ndimu, moto wa taratibu. Mama mkwe aliporudi kutoka msibani na shoga yake walikuwa na njaa, na siku hiyo samaki hakuonekana sokoni hata wa dawa.

"Mama, baba kaleta sungura," nikamwambia. Sikumficha, Mungu ni shahidi.

Akakunja uso. Shoga yake alikuwa ameshakaa mkekani na pua juu ya sinia. "Mwenzangu, tule tu. Si Mwislamu mwenzetu aliyemleta?" Basi wakala. Mama mkwe alianza kwa kudonoa, mara kudonoa kukawa tonge, na tonge likafuatwa na mchuzi wa kulowekea. Hakusifu, lakini nilimwona akikwangua ukoko. Nikafurahi, nikajisemea leo nimempata.

Shoga yake alikuwa anapenda kula, na hilo Kivinje nzima inajua. Alipomaliza mfupa wa mwisho akanigeukia. "Na kichwa? Nipe kichwa nifyonze ubongo."

"Nimekitupa."

Akacheka kwanza. Halafu hakucheka. "Na shingo?"

"Pamoja nacho."

"Kwa nini?"

Ningejibu nini? Nikitaja sababu nimetaja mimba, na mimba hiyo nilishaiapia. Nikainama, nikaanza kukusanya vyombo. Mama mkwe akaweka tonge lake chini, polepole, juu ya ukingo wa sinia.

"Ulimwona baba yako akichinja?"

"Sikumwona. Yeye yuko Mitole, mimi niko Kivinje, ningemwonaje?"

Ulimi wangu huo! Ningesema kwa upole labda mambo yasingefika yalipofika. Shoga yake alikuwa ameshatoka mbio hadi mferejini, vidole kooni, akitapika kwa kelele ili nyumba zote zisikie. Mama mkwe hakutapika. Alikaa wima akinitazama.

"Binti wa mtegaji," akasema, "hutupi kichwa bila sababu. Umetupa kwa sababu kilikuwa hakina kisu." Nikamwambia jeraha la kisu nililiona, lakini neno la aliyekitupa nani angeliamini?

Usiku huo nililala upande wa ukuta. Asubuhi nikafagia ukumbi kama kawaida, nikatandika mikeka, tukangoja watoto. Wakaja wanne. Mikeka ilikuwa ya watoto zaidi ya ishirini. Mama mkwe akawasomesha hao wanne kwa sauti ile ile, mpaka mtaa wa pili, na mimi jikoni nikasikia jinsi sauti hiyo ilivyokuwa ikitetemeka mwishoni mwa kila aya. Mtaa mzima ulikuwa na neno moja. Mwalimu wa watoto amekula kibudu.

Imamu wa msikiti alituma ujumbe kwamba Mwislamu akileta nyama huaminiwa, unapiga bismillahi unakula, na jambo limekwisha. Mama mkwe akamshukuru aliyeleta ujumbe, akafunga mlango, akasema, "Sheria imekwisha. Watu je?"

Mume wangu aliporudi mchana alinivuta chumbani. "Sema ulimwona akichinja," akaninong'oneza. "Apa mbele ya mama na yule jirani, yaishe."

"Niape nimeona nisichokiona?"

"Neno moja tu, mke wangu."

"Na msahafu mkononi?"

Akatazama chini. Nilimkasirikia nikakosa pa kushika. Mtu aliyekuwa akinishonea gauni bila kunipima, kwa kunijua tu kwa macho, sasa hanijui hata kidogo. Kuapa uongo ni dhambi kwa kila mtu, lakini kuapa uongo huku nimebeba kiumbe ambacho sijui kama Mungu ataniachia! Nilitaka kumwambia hilo. Likafika ulimini nikalirudisha.

"Siapi," nikasema. "Baba yangu halishi watu kibudu. Hilo nalijua bila kuliona."

Mama mkwe alikuwa nje ya pazia. Akaingia, akasema bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Basi baba yako aje mwenyewe. Ijumaa, kabla ya sala. Akija na la kuonyesha, tutaona. Asipokuja, mwanangu atakuandikia talaka yako, urudi kwenu ukale mnavyokula." Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa akikunjua na kukunja futi yake ya kupimia.

Ujumbe niliutuma siku hiyo hiyo kwa wale watu wa ufuta waliokuwa wakirudi Mitole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kwa nini sikumwambia mama mkwe ukweli, nikajiokoa? Nimeulizwa hilo na wajukuu. Kwa sababu angesema nimezua mimba ili nisiachwe. Na kwa sababu niliogopa. Kila nilipokwenda chooni nilikagua nguo yangu, na kila nilipokuta safi nilikaa pale nikishusha pumzi, halafu nikarudi kuchota maji, maana kama nisingechota wangejua. Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Nilizibeba nikijiuma midomo. Mama mkwe hakusema nami ila ya lazima. Chakula changu nilikula peke yangu, na chungu nilichopikia yule sungura alikitoa nje akakivunja.

Alhamisi walikuja watoto wawili tu.

Ijumaa jua lilikuwa limeshapanda niliposikia hodi ya baba. Nilikuwa uani nikitwanga, mchi ukanitoka mkononi. Alikuwa amevaa kanzu yake ya sikukuu, imejaa mbigili mpaka magotini, na kichwani amebeba tenga lililofungwa kwa kamba. Baadaye niliambiwa kwamba alikwepa barabara, akapita porini njia nzima, kwa sababu kitu alichobeba askari wa Bwana Nyama, yule Mzungu wa wanyama pori, wangemkamata nacho. Kutega kulikuwa na kibali chake, na baba kibali hakuwa nacho.

Mama mkwe alimkaribisha barazani kwa salamu kamili, hakupunguza hata moja. Shoga yake alikuwa ameshafika, nani alimwita sijui. Mume wangu alisimama mlangoni.

"Mkwe," baba akasema, "nimesikia nimekulisha kibudu."

"Ndivyo watu wanavyosema, mkwe."

"Na wewe unasemaje?"

Mama mkwe akalitazama tenga. Baba akafungua tenga. Ndani mlikuwa na sungura, hai, anahema, masikio yamelala mgongoni, na shingoni mwake kamba ya mkonge. Mimi nikageuka upesi nikaelekea ukutani. Nilisikia tu.

"Huyu nimemkamata jana alfajiri. Siku ya kwanza sikupata kitu. Kamba ni hii hii iliyomkamata yule. Tazama hapa. Unaona fundo hili? Sisi Waislamu wa vilimani tunalitia kwenye kila kitanzi. Kamba ikifika hapa inagoma. Inamshika mnyama, haimnyongi. Tunamkuta hai, tunamchinja. Asiyechinja hana haja ya fundo, kamba yake inakaza mpaka mwisho."

"Fundo unaweza kulifunga hata leo njiani," akasema shoga.

"Litazame, mama. Limekuwa jeusi kwa jasho la mkono wangu. Hili lina umri wa binti yangu."

"Na nani ajuaye kama halinyongi?" shoga akadakia. " Huyo sungura ana siku moja tu. Huenda angekufa kesho."

Niligeuka, nikijikinga macho na lile tenga kwa upindo wa kanga. Baba alikuwa amemlegezea sungura kamba akaivua, akalifunga tena tenga. Akaikung'uta manyoya. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akakivaa kile kitanzi shingoni mwake mwenyewe.

"Baba!" nikasema.

"Nyamaza, mwanangu." Akamnyooshea mama mkwe ncha ya kamba. "Vuta wewe, mkwe. Usimpe mwingine."

Mzee wa watu, mvi kidevuni, vumbi la safari bado usoni. Nilidhani mama mkwe atakataa. Nilimwomba Mungu akatae. Akaipokea. Akaizungusha ncha mara moja kwenye kiganja chake, akavuta.

Kitanzi kikateleza, kikaingia kwenye ngozi ya shingo, kikafika kwenye fundo kikakwama. Akavuta tena. Mara ya pili alivuta kwa nguvu, niliona mkono wake ulivyokaza, na baba akasogea mbele kidogo pale alipokaa. Mara hiyo ya pili sijamsamehe mpaka leo, na ameshakufa, Mungu amrehemu.

"Bismillahi," baba akasema. Sauti yake ilitoka nzima, haikukwaruza. "Allahu Akbar. Unasikia, mkwe? Mimi nimepata pumzi ya kuisema. Na yule alikuwa na pumzi ya kuningoja niiseme."

Mama mkwe akaachia kamba. Akautazama mkono wake, akaufutia kwenye kanga.

"Mpe baba yako kisu," akaniambia.

Nilikwenda jikoni. Nikaleta kisu, nikampa baba nikiwa nimegeuza uso pembeni. Wote wakahamia uani. Baba akaelekea kibla. Mimi nikarudi ukutani, nikajifunika kanga gubigubi mpaka kichwani, na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukashuka ukakaa tumboni. Nikasikia bismillahi ya pili. Nilipofunua jicho moja sikumwona sungura. Nilimwona mama mkwe. Kila mtu alikuwa akitazama kisu isipokuwa yeye. Alikuwa akinitazama mimi, uso wangu uliofunikwa, halafu mkono wangu, na hakuondoa macho kwa muda.

"Kichwa kiwekwe!" shoga yake alikuwa akisema. "Kiwekwe ukumbini, wazazi wa watoto waje wakione na shingo yake. Usiseme sikukwambia, mwenzangu. Watu hawaamini bila kichwa."

Baba akakikata akakiweka kwenye ungo. Mama mkwe akautwaa ule ungo. Alikuja nao upande niliokuwa nimesimama mimi, nikajibana ukutani, lakini alikuwa ameshautandika upindo wa kanga yake juu ya ungo wote, hapakuonekana kitu. Akanipita. Akafika mwisho wa ukuta, akainua mkono, yeye mwalimu, mwanamke wa mji ambaye hajawahi kugusa kitu cha porini, akakishika kile kichwa akakirusha nje kwa nguvu zake zote. Tukasikia paka.

"Weye! Na ushahidi?" shoga akapiga ukelele.

"Ushahidi mimi," mama mkwe akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Atakayetaka kichwa aje anitazame mimi. Na yule wa kwanza pia nimemshuhudia, waambie hivyo."

"Hukumwona wa kwanza!"

"Nenda kawaambie."

Akanawa mikono muda mrefu, mara kadhaa, kwa mchanga na maji. Kisha akapita karibu yangu na bila kusimama, kwa sauti ambayo mume wangu na baba hawakuisikia, akasema, "Maji usichote tena. Nitamwita mtu. Na chungu cha huyu napika mimi, wewe kaa ukumbini."

Nilipaswa kumshukuru, na miezi sita baadaye, alipompokea mwanangu mikononi na kumtazama midomo kabla ya kutazama ni wa kike au wa kiume, nilimshukuru. Lakini siku hiyo sikuweza. Baba alikuwa amekaa barazani akivaa kofia yake, na kwenye shingo yake ile kamba ilikuwa imeacha alama, mzunguko kamili. Aliponiona naitazama akaupandisha mkono, akajifanya anafuta jasho.

Alikula nao siku hiyo, akamsifu mama mkwe mchuzi wake. Akasali Ijumaa pamoja na mume wangu, akarudi Mitole. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipokuja kutusalimia alituletea maboga, ufuta, asali. Nyama hakuniletea tena.